Mjomba kavuliwa uenyekiti kwa sababu lambo halikubomoka

Nimepotea kidogo, samahanini. Nilikuwa nyumbani kwa mama, Handeni, na nimerudi na jambo limenikaa kooni. Nikiandika huenda likashuka.

Mjomba wangu si mwenyekiti tena wa kamati ya maji ya kijiji. Wamempigia kura ya kumtoa. Kosa lake ni kwamba mwaka 2023 aliogopa lambo litabomoka, akawashawishi watu walipunguze maji, kisha lambo halikubomoka. Mimi nilishiriki katika kosa hilo, kwa hiyo hukumu yake ni yangu pia. Ngoja nisimulie tangu mwanzo.

Kwa wasioijua Handeni: ukitoka Dar unapita Chalinze, unafika Mkata, unakata kushoto, na baada ya kama saa moja uko Chanika, ambao ndio mji wenyewe wa Handeni. Ni nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na ufuta, na maji ni ya shida. Mtoto wa Handeni anajua uzito wa dumu kabla hajajua uzito wa daftari. Maji ya bomba ya mjini yanasukumwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kupitia mradi uliojengwa miaka ya 1970 ambao wenyeji wanauita HTM. Mwaka 2022 serikali ilisaini mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Lakini kijijini kwa mjomba hakuna bomba. Kuna lambo.

Lambo lenyewe ni tuta la udongo lililozibwa kwenye bonde. Upande mmoja kuna utoro, yaani ile njia ya pembeni ambayo maji hupitia yakizidi, ili yasipande juu ya tuta. Utotoni nilikuwa nacheka jina hilo, maana kwetu mtoro ni mwanafunzi anayekimbia shule. Siku hizi naona waliolitunga walikuwa na akili. Maji yakikosa pa kutorokea, yatavunja ukuta.

Agosti 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na El Niño. Septemba mjomba akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe si mwandishi? Njoo utusaidie kuamua. Huku watu watapigana."

Nikamwambia mjomba, mimi naandika habari, sijasomea uhandisi. Akajibu kwamba mhandisi ameombwa kwa barua tatu na ofisi husika haijajibu hata moja, kwa hiyo mwandishi atatosha.

Nilifika Jumamosi ya tarehe 16 Septemba 2023. Kumbukeni ilikuwa wiki gani. Usiku wa kuamkia tarehe 11, kule Derna, Libya, kimbunga Daniel kilikuwa kimeleta mvua, mabwawa mawili juu ya mji yakapasuka na maelfu ya watu wakasombwa hadi baharini. Mtaalamu mmoja wa huko alikuwa ameandika mwaka 2022 kwamba mabwawa yale yanahitaji matengenezo ya haraka. Picha zile nilikuwa nimezitazama chumba cha habari siku tano mfululizo. Nilipopanda tuta la mjomba, macho yangu hayakuwa ya mtu mtulivu.

Niliyoyaona ni haya. Utoro ulikuwa mwembamba, hatua sita tu, na umeota vichaka. Juu ya tuta ng'ombe walikuwa wamechimba njia yao, pakawa na bonde dogo katikati, mahali ambapo maji yangepita kwanza. Na upande wa chini, kwenye mguu wa tuta, palikuwa na doa lenye majimaji, majani yamestawi kijani wakati kote kumekauka. Chini zaidi, kwenye bonde, kulikuwa na nyumba tisa.

Nikauliza lambo lilijengwa lini. Mzee mmoja akasema wakati wa Mwingereza. Mwingine akasema hapana, ni wakati wa vijiji vya ujamaa. Michoro? Hakuna. Udongo wa ndani ni wa aina gani? Hakuna ajuaye. Nani mmiliki? Hapo kila mtu alimtazama mwenzake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtwika mmiliki wa bwawa wajibu wa usalama wake. Lambo lisilo na karatasi hata moja, wajibu huo anautwaa nani? Kijiji, kwa midomo. Kwa mfuko, kamati ilikuwa na shilingi milioni nne na ushee.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe. Kulikuwa na kambi nne.

Ya kwanza ilisema tumlipe mtaalamu binafsi aje apime, ndipo tuamue. Ya pili ikasema tupanue utoro. Ya tatu ikasema lile doa linalovuja lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi, liishe. Ya nne, ya vijana wawili waliokuwa wameziona picha za Derna kwenye simu, ikasema tukate tuta, maji yatoke yote kabla ya Oktoba.

"Tukilikata," mama mmoja akauliza, "na hiyo El Niño isipokuja, Januari tutakunywa nini? Picha?"

Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali zito kuliko yote ya siku ile. Utabiri wa msimu ni uwezekano. Unasema mizani imeelemea upande fulani, hausemi mvua ya milimita ngapi itanyesha juu ya bonde lako usiku gani.

Kisha mzee akatoa hoja iliyokaribia kumaliza kikao. "Lambo hili lilivuka mvua za 1997. Lilivuka na zile za 2019. Leo mnaliogopa nini?"

Ni hoja tamu. Mwaka 1997 na 1998 nchi nzima ilioga, na vuli ya 2019 ilikuwa kali mno Afrika Mashariki. Lakini lambo la 2023 si lambo la 1997. Miti ya juu ya bonde imegeuka mkaa, kwa hiyo mvua ile ile inafika lamboni haraka na kwa wingi zaidi. Tope limejaa chini, nafasi ya kupokea mafuriko imepungua. Tuta limechimbwa na kwato. Mtu aliyewahi kubeba gunia akiwa na miaka ishirini hajathibitisha kwamba atalibeba akiwa na sabini.

Nilisema hivyo, kwa adabu. Hakuna aliyekubali, hakuna aliyekataa. Tukaahirisha kwa wiki mbili.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Korogwe. Barabara ni lami, kilometa kama 65, na kule nina baba mdogo anayekaa jirani na fundi sanifu mstaafu wa mambo ya maji. Jina lake simtaji, hapendi. Tulikaa barazani kwake, si mbali na mto Pangani.

Mto ule ni darasa tosha. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, kisha yanateremka hadi Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale, inayofanya kazi tangu 1964. Kwa hiyo hata yule anayekunywa maji ya bomba Handeni anakunywa maji yaliyopita mikononi mwa bwawa. Tofauti ni kwamba Nyumba ya Mungu kuna watu wanaosoma kina cha maji na milango ya kufungua. Kwa mjomba kuna ng'ombe.

Nikamweleza mzee yote. Hakuuliza kwanza habari za tuta. Aliuliza, "Maji yanayovuja ni safi au ya tope?"

Nikasema sikuangalia. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau kalamu.

"Kila tuta la udongo linavuja kidogo. Likivuja maji safi, unaliangalia. Likivuja tope, maana yake maji yanabeba udongo wa ndani, yanachimba bomba humo tumboni. Hapo unakimbia."

Akaendelea. Matuta ya udongo mengi, alisema, yanakufa kwa njia mbili: maji kupanda juu yake, au maji kulitoboa kwa ndani. La kwanza dawa yake ni utoro. La pili dawa yake si kuziba kwa nje. Ukikandika mfinyanzi pale yanapotokea, umefunga mdomo wa mtu anayetapika. Unaweka mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki.

Nikamuuliza kuhusu mtaalamu. Si bora tujue kwanza? Akanijibu kwa swali ambalo tangu siku ile nalitumia hata kwenye mambo yangu ya mapenzi: "Ukishajua, utabadili nini?"

Hebu tulipime. Mtaalamu akija akasema tuta ni bovu, tutapanua utoro. Akisema tuta ni zima, utoro bado ni mwembamba, tutapanua utoro. Basi kwa jambo la utoro majibu yake hayabadilishi kitu, na kumsubiri ni kuila Oktoba yote. Kwa jambo la kuvuja ndipo anahitajika hasa, kwa sababu hapo kwa macho hatuoni. Kwa hiyo swali la "tumwite au tusimwite" lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa kwenye kitenge kimoja.

Halafu akachukua kalamu. Tuseme, alisema, ipo mvua inayokuja kwa wastani mara moja kila miaka 50, na utoro wenu hauimudu. Watu wakisikia miaka 50 wanalala, wanadhani ikija leo hairudi mpaka wajukuu wazeeke. Si hivyo. Kila mwaka una nafasi mbili katika mia. Kuikwepa kwa miaka 30 ni sawa na kuzidisha 0.98 yenyewe mara thelathini. Nilipiga kwenye simu ikaja kama 0.55. Maana yake, katika umri wa kumlea mtoto hadi aoe, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni 45 katika mia. Karibu kurusha shilingi.

"Na hiyo miaka 50 mmeipata wapi?" nikamuuliza.

"Nimeisema tu," akacheka. "Hamna kipimo cha mvua pale. Inaweza kuwa 20, inaweza kuwa 100. Ndiyo maana usitafute jibu la hakika. Tafuta kosa ambalo ukilifanya unaweza kulirekebisha."

Wadau, hapo ndipo nilipoelewa. Ukipunguza maji bila sababu, umekosea, utachota mbali zaidi, utalaumiwa, lakini mwaka ujao unaweza kuinua tena. Usipopunguza na tuta likaenda usiku, hakuna mwaka ujao kwa wale wa chini. Makosa hayo hayawi sawa hata kama huna uhakika lipi litatokea.

Niliporudi Handeni nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza. Niliteremka kwenye zile nyumba tisa. Nilikuta kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye kikao. Wengi ni wahamiaji, wana kisima chao kifupi, lambo hawalitumii sana. Wenye kunywa maji wako juu, wenye kufa wako chini, na wanaoamua ni wenye kunywa. Mama mmoja mwenye watoto wanne aliniambia, "Nyie mnahesabu ndoo. Mimi nahesabu vichwa." Mjomba alipoambiwa alikaa kimya muda mrefu. Jumamosi ya tarehe 30 Septemba mama yule alialikwa, akakaa mbele.

Tuliwakumbusha pia yaliyo jirani zaidi ya Libya. Solai, Kenya, usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba binafsi lilipasuka, watu wasiopungua 47 wakafa. Mwadui, Shinyanga, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi lilibomoka likafunika mashamba na makazi. Si mambo ya Wazungu na Waarabu.

Uamuzi ukawa wa kati kwa kati. Msaragambo wa siku sita: kupanua utoro kutoka hatua sita hadi kumi na mbili na kuushusha futi mbili, kuutandika mawe ili nao usichimbike. Kufukia njia ya ng'ombe na kuwazuia kwa miiba. Kwenye doa, mchanga, kokoto, mawe. Maji ya pale yalikuwa safi, nilikwenda mwenyewe na chupa, nikaiinua juani. Ukachomekwa mti wenye alama za kina. Vijana wawili kwa zamu kila usiku wa mvua kubwa, na kipaza sauti cha msikiti kiwe kengele. Familia za chini zilale juu, kwa ndugu au shuleni, mvua ikipiga siku mbili mfululizo. Pesa iliyobaki itunzwe ya mtaalamu. Barua ya nne ikaandikwa.

Futi mbili zilizoshushwa zilikuwa maji ya kunywa. Kila mmoja alilijua hilo. Walikubali kwa kunyoosha mikono, wachache wakakataa, mjomba akawa mbele.

Mvua zikaja. Oktoba hadi Desemba zilinyesha kweli, na masika ya 2024 nayo hayakuwa ya mzaha. Utoro ulitema maji mara tatu. Usiku mmoja wa Aprili mjomba alinipigia saa nane, sauti yake ikizidiwa na mvua, akasema maji yamefika alama ya tatu na wale wa chini wamelala shuleni. Sikulala. Asubuhi alinitumia picha: tuta limesimama, utoro umechimbika kidogo upande mmoja, ng'ombe wanatazama.

Nilidhani watamfanyia sherehe. Badala yake vuli ya 2024 ikawa hafifu kwetu, lambo likakauka mapema, wanawake wakaanza tena safari za mbali na madumu. Watu wakaanza kuhesabu. Zile futi mbili zingetufikisha wapi? Tuta si lilisimama? Si mlitutisha bure?

Na hapa ndipo penye mwiba. Sina jibu la kuwapa. Sijui kama bila utoro mpana lingebomoka. Huenda maji yangepanda juu ya tuta usiku ule wa Aprili. Huenda yangeishia kiganja kimoja chini ya ukingo na mzee angeongeza 2024 kwenye orodha yake ya 1997 na 2019. Lambo lile lingine, ambalo hatukulipanua, halipo ili tuliulize. Hata wakubwa wanakwama hapo. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024, wananchi wengi walilinyoshea kidole Bwawa la Nyerere, serikali ikaeleza kuwa bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Maji unayaona kwa macho. Yale yaliyozuiwa unaambiwa tu.

Nikiwa huko safari hii nilimkuta mjomba ameketi nje, anakoboa mahindi. Nikamuuliza kama anajuta. Akaniambia kuna jambo moja tu analojutia: hakuandika. Hakuandika siku ile kwamba tumeamua hivi kwa sababu hizi, tukijua haya na bila kujua yale, na kwamba tunakubali gharama hii. Kila mtu sasa anakumbuka kikao kile anavyotaka. Waliokataa wameongezeka kwa kumbukumbu.

Basi nilitoa daftari, akasimulia, nikaandika yote, tarehe na alama za kina. Nakala moja nimemwachia mwenyekiti mpya. Ni kijana, ndiye yule aliyetaka tuta likatwe. Ameniuliza kama utoro uinuliwe tena futi mbili. Nimemuuliza maji ya mguuni pa tuta ni safi au ya tope. Akasema hajaangalia.

Nimempa chupa.

Wasalaam, na ukipita kwenu likizo, hebu panda juu ya lambo lenu uangalie utoro.